Pembe Zilizoelekea Chini

Wameniomba niseme maneno machache kwenye kumbukumbu ya Profesa Hanneke. Ujumbe ulitoka Uholanzi, kwa binti wa kaka yake: shangazi amefariki usingizini, mazishi yalikuwa ya watu wachache kwa sababu mwenyewe alikataza makubwa, ila wanafunzi wake wa zamani watakutana kwenye kompyuta Jumamosi, na kila mmoja atasema kidogo. Hao wenzangu ni maprofesa wa kweli, wenye vitabu na wasaidizi. Mimi naandika makala, na jioni nafundisha kwenye chuo kidogo hapa Euless, mji wa Texas ulio kando ya uwanja wa ndege, ambako kila nikikaribia kusema jambo la maana ndege inapita juu ya paa na wanafunzi wanapata nafasi ya kuangalia simu zao. Najua wenzangu watasema nini. Watasema alibadilisha namna tunavyoielewa sayansi ya karne ya kumi na saba. Ni kweli, na sina cha kuongeza. Kwa hiyo wiki nzima natembea humu ndani na kikombe cha chai kilichopoa, najiuliza swali ambalo yeye angeniuliza: wewe mwenyewe uliona nini?

Nilichokiona kilitokea Houston, mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane na bado mwanafunzi. Sitasimulia nilikozaliwa wala jina la babu yangu. Wasomaji wa kumbukumbu za maisha wamekwisha kuteswa vya kutosha na mababu za watu. Inatosha kusema nilitoka Unguja, nilikuwa na digrii mbili, nilikuwa naitafuta ya tatu, na mama alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari, jambo lililomfanya jirani mmoja anitumie picha ya kidonda cha mguu wake na kuniuliza apake nini. Kibali changu cha kukaa Marekani kilitegemea masomo, masomo yalitegemea tasnifu, na tasnifu ilimtegemea Profesa Hanneke, ambaye alikuwa anastaafu mwisho wa kiangazi kile na kurudi kwao. Idara ilinieleza kwa upole wa kutisha: asipoipitisha sura yangu ya nne kabla ya kuondoka, hakuna mwalimu mwingine anayesoma Kiholanzi cha zamani, na bila msimamizi hakuna mwanafunzi. Mwaka ule wote niliishi kama mtu aliyesimama mlangoni na sanduku mkononi, hajui kama anatoka au anaingia.

Profesa Hanneke alikuwa amekuja Texas kumfuata mumewe, mhandisi wa mitambo ya mafuta ya baharini. Mume akafa, yeye akabaki, katika nyumba ya matofali huko Pearland, nje kidogo ya Houston, mtaa ambao majirani wengi walikuwa wauguzi na madaktari wa hospitali za mjini, watu wa kutoka alfajiri na kurudi wamechoka, wasiojua kwamba yule bibi mrefu asiyefunga mapazia anasomwa katika vyuo vikuu vya nusu ya dunia. Maisha yake yote aliandika juu ya swali moja: darubini zilipoanza kutengenezwa kule kwao, nani aliaminiwa aliposema ameona kitu? Vitabu vya shule vinatuambia kwamba mtu mmoja mwenye akili alitazama angani, akaona, na dunia ikabadilika. Yeye alitumia umri wake kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Mtu aliona, jirani yake hakuona, wakagombana, wakaitana waongo, wakapelekana mbele ya karani wa mji kuapishwa, msugua vioo upande huu na nahodha upande ule. Na sayansi, alivyosema, ilijifunza adabu zake katika ugomvi huo. Ili aandike kitabu chake cha kwanza alikwenda kwa fundi miwani akajifunza kusugua vioo, miaka miwili, wenzake wakimcheka kwamba msomi amejigeuza fundi viatu. Vidole gumba vyake vilibaki na ngozi ngumu mpaka uzeeni. Na sisi wanafunzi wake alituwekea sharti: usiandike juu ya chombo ambacho mkono wako haujawahi kukikosea.

Kwenda kwake kulikuwa mtihani hata kabla hajafungua mdomo. Mimi nimelelewa katika nyumba ambazo mgeni hulazimishwa kula mpaka aombe msamaha. Pale nilipewa kahawa, kopo la bati likafunguliwa, nikachukua biskuti moja, na kopo likafungwa kwa mlio kama wa nyundo ya hakimu. Mara ya kwanza nilidhani nimemkosea. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo ilivyo kwao, lakini kujua hakukunisaidia. Kila nikisikia lile bati nilihisi nimefeli. Chakula cha mchana kilikuwa mkate, jibini na vipande vya tango, juu ya meza iliyojaa karatasi zangu zenye wino wake wa kijani. Sura ya nne ilikwisha kurudi mara tatu. Ilihusu kesi moja ya bandarini kule Uholanzi: nahodha amenunua darubini, anadai ni mbovu, fundi anadai ni nzima, na mashahidi wanaitwa wasimame gatini, waelekeze chombo kwenye mnara wa kanisa ng'ambo ya maji, kisha waape mbele ya karani walichokiona. Nilikuwa nimeisoma kesi hiyo kwa Kiholanzi changu cha kuokoteza na kuipanga ikapangika. Mashahidi wanatazama, wanauona mnara, wanaapa.

"Wote wanakubaliana," Profesa alisema. "Umeniletea kwaya."

"Ndivyo walivyosema, Profesa."

"Wote?"

"Kuna baharia mmoja hivi, lakini alikuwa amelewa. Nimemwacha nje."

"Nani amesema alikuwa amelewa?"

"Maneno yake hayana kichwa wala miguu. Ukimsoma utaona mwenyewe."

"Mimi sijapewa kumsoma yeye. Nimepewa kukusoma wewe." Akanisogezea karatasi. "Darubini umeshatengeneza?"

Nikasema iko njiani. Hakugusa kopo.

Njia yenyewe ilipita jikoni kwangu, mtaa wa Sharpstown mjini Houston, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu. Kioo unakisugua ndani ya sahani ya chuma iliyobonyea, kwa mchanga uliolowana, mviringo baada ya mviringo, mpaka mabega yasahau kazi nyingine. Kisha unga laini zaidi, kisha laini zaidi ya huo. Mwisho unayeyusha lami kwenye sufuria na kung'arisha kwa poda nyekundu ya kutu. Lenzi ya kwanza niliipasua. Ya pili ilitoka na tumbo lililoegemea upande mmoja. Niliyekaa naye alikuwa Nestor, Mrundi, Mkatoliki mwenye subira, mfanyakazi wa ghala kubwa la bidhaa, aliyerudi kila jioni akitaka kukaanga mayai na kukuta jiko limetekwa.

"Dokta," alisema siku ya lami, akisimama mlangoni na kofia mkononi, "hii nyumba inanuka kama barabara mpya. Leo tunakula nini, lami na chumvi?"

"Vumilia kidogo, Nestor. Ni utafiti."

"Hizi darubini ziko nyingi kwa warehouse yetu. Miye mwenyewe nazipakia. Unabonyeza simu, kesho iko hapa mlangoni. Hao wazungu wako wa zamani walikosa warehouse. Weye unaikosa kwa sababu gani?"

Kwa ukuta wa upande wa pili nilikuwa nawasikia Mbwana na mkewe Bi Saumu, watu wa Mombasa, mume dereva wa abiria wanaomwita kwa simu, mke mhudumu wa wazee. "Yuasaga nini huyu msomi siku zote hizi?" Bi Saumu aliuliza mara moja, kwa sauti ambayo hakuna aliyejaribu kuificha. "Asaga, asaga, na unga hatuuoni." Mbwana alimjibu kwa heshima kubwa kwamba mambo ya chuo kikuu si ya kuulizwa ovyo. Alikuwa ananistahi mno, Mbwana; alinifungulia mlango wa gari lake hata nikiwa sina mizigo, na hilo lilinitia hofu kuliko dharau, kwa sababu nilijua ninakoelekea ni uwanja wa ndege na tiketi ya kwenda tu.

Hatimaye nilipata lenzi mbili zenye adabu, nikazifunga kwenye bomba la karatasi ngumu, lile la kuzungushia mazulia, refu kumshinda Nestor. Tuliielekeza dirishani kwenye maegesho. Darubini ya aina ile hupindua kila kitu, juu kuwa chini na kulia kuwa kushoto. Ndivyo lenzi hizo zinavyofanya kazi, na anayetazama nyota hajali. Nestor aliinama, akaona magari yote yamelala kwa mapaa yao, matairi angani. Akanyanyuka taratibu.

"Umetengeneza ya kutazamia ajali," alisema.

Nilipompelekea Profesa habari hiyo, hakusisimka hata kidogo. Aliuliza nani mwingine ametazama. Mtengenezaji, alisema, ndiye mtu wa mwisho wa kumuuliza chombo chake kinaonyesha nini. Nikamwambia, kwa kutafuta tu cha kusema, kwamba Jumapili ni siku yetu ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, kwamba kundi letu la Waswahili halifuati tangazo la ng'ambo bali hupanda mahali pa juu na kutazama, na kwamba huenda nikaichukua darubini huko.

"Nani anatazama?"

"Watu tu. Madereva, wauguzi, wenye maduka."

"Na mmoja akisema ameona, inakuwaje?"

"Sheikh anamhoji. Ameuona wapi, umbo gani, pembe zimeelekea wapi. Jibu lisipokaa sawa anamkataa."

Aliweka kalamu chini. Sikuwahi kumwona akiiweka chini katikati ya sentensi. "Nakuja," alisema.

Nilirudi Sharpstown nimejaa majuto. Dunia zangu mbili zilikuwa zimeishi vizuri kwa sababu hazikukutana. Kwa Profesa nilikuwa mtu wa jamii yenye mila za kuvutia. Kwa jamii nilikuwa mtu wa Profesa. Sasa upande mmoja ungeuliza maswali yake makavu, na upande mwingine ungesema nimeleta Mzungu aje atuandamishie mwezi.

Houston ni tambarare kama meza, kwa hiyo mahali petu pa juu palikuwa paa la maegesho ya ghorofa, kando ya maduka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya bango kubwa la duka la matairi, na hewa ilikuwa na ule ukungu mzito wa joto unaofanya kila kitu kionekane kimefutwa kwa kitambaa kichafu. Watu walikaa juu ya boneti za magari. Simu zilikuwa zinalia mfululizo, kwa sababu nyumbani kote walikuwa wanangoja kujua kama usiku ule kuna tarawehe na daku au hakuna. Waliofuata Makka walikwisha kujua tangu mchana na walitutumia picha za vyakula vyao kutuudhi. Profesa alipewa kiti cha kukunja. Mama mmoja alimwekea sahani ya visheti vya sukari mapajani. Akachukua kimoja, akasema asante, akarudisha sahani.

"Ala! Mama, mbona kimoja?" yule mama alisema, na kuirudisha. "Kula. Hapa hatuhesabu."

Profesa alinitazama. Nikamwambia hana njia. Akala, na sahani ikajazwa tena, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwanamke yule ameshindwa.

Sheikh Athumani alikuwa mtu wa Lamu, mfanyakazi wa maabara ya hospitali, mwembamba, mpole, mwenye kauli chache. Aliizunguka darubini yangu mikono nyuma.

"Mzinga huu ni wa nini? Tunapigana na nani?"

"Ni darubini, Sheikh. Nimeisugua mwenyewe."

"Ya kutafutia, haina neno. Ya kushuhudia ni jicho." Akageuka, kisha akarudi. "Na huyu bibi?"

"Mwalimu wangu. Anaandika habari za mashahidi."

"Basi amefika," akasema, akaweka mkono kifuani kumsalimu kwa heshima.

Jua lilipozama sote tuligeukia magharibi. Watu walitazama mpaka macho yakatoa machozi. Mbwana ndiye aliyekuwa kwenye bomba, kwa sababu wengine waliliogopa na yeye alilionea fahari kana kwamba ni la kwake. Alitazama, akanyanyua kichwa, akaangalia mbinguni kwa jicho tupu, akarudi kwenye bomba, kisha akapiga kelele: "Ule! Ule pale! Wallahi umeandama!" Wakamrukia, wakasukumana, bomba likapigwa kikumbo likaelekea kusikojulikana. Profesa alikuwa amekwisha kuinama mahali pa Mbwana. Akatazama, akanyanyuka, akasogea pembeni. Wakati huo kipande cha wingu kilikuwa kimelala juu ya bango la matairi na hapakuwa na kitu tena.

Sheikh alimchukua Mbwana kando, ingawa juu ya paa lile hapakuwa na kando. Kila mtu alisikia.

"Umeuona wapi?"

"Juu ya lile bango, Sheikh. Mwembamba, kama ukucha uliokatwa."

"Pembe zake zimeelekea wapi?"

Mbwana alisimama wima kama askari. "Chini. Chini, huku upande wa kulia."

Nilimwona Sheikh akishusha pumzi. "Mbwana, ndugu yangu. Jua limeshuka pale chini. Mwezi mchanga huliangalia jua kwa tumbo, pembe zake zikakimbilia juu. Mwezi wenye pembe chini, upande jua lilikozamia, haujaumbwa. Ulichokiona ni hamu."

Watu wakacheka. "Ni hamu ya daku!" mmoja akapaza sauti. Mbwana akaapa tena, na Sheikh akasema, kwa upole uleule, kwamba hamkatai yeye, anaukataa ushahidi. Akauliza mwingine aliyeona. Hakutokea mtu. Akamgeukia Profesa, nami nikatafsiri: na mama mgeni?

"Sikuona," Profesa alisema. "Nilipofika bomba lilikuwa limesogezwa."

"Basi tunatimiza thelathini za Shaabani," Sheikh akasema. "Kesho ni siku ya shaka. Hapana kufunga."

Magari yakaanza kuwashwa. Nami sikutoka kando ya bomba, kwa sababu nilikuwa najua. Tangu Mbwana alipotamka neno chini, nilikuwa najua. Bomba langu hupindua. Mwezi wenye pembe juu kushoto, ndani yake huonekana pembe chini kulia, vilevile kama alivyosema. Kwa hiyo alikuwa amesema kweli, na kweli ndiyo iliyomwangusha. Lakini kunyanyua mdomo maana yake nini? Mimi mwenyewe sikuuona mwezi. Nikikosea, jamaa wote hawa watafunga siku iliyokatazwa, kwa neno la mtu ambaye hata sura ya nne imemshinda. Nikinyamaza, watakula mchana wa Ramadhani. Na vyovyote nitakavyofanya, nitafanya mbele ya yule anayeshikilia hatima yangu, na ataona mwanafunzi anayetetea karatasi ya mazulia. Nilimtazama aniokoe. Alilijua hilo la kupindua kabla sijazaliwa. Alikuwa anatazama vidole vyake vyenye sukari, anavifuta kimoja kimoja kwa leso.

"Sheikh," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mvulana. "Bomba linapindua."

"Linapindua nini?"

"Kila kitu. Tafadhali, tazama mwenyewe."

Nililielekeza kwenye bango la matairi, taa zake zilikuwa zimewashwa. Sheikh alivua miwani, akainama, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akalisogeza polepole kuelekea barabarani.

"Subhanallah," alisema bila kunyanyuka. "Magari yanatembea kwa mapaa."

Wakapanga foleni, watu wazima, kutazama magari yaliyopinduka. Wengine walirudi mara ya pili. Sheikh hakucheka. Alimwita Mbwana, ambaye alikuwa amekaa ndani ya gari lake, mlango wazi, amenuna.

"Mbwana, sahau bomba. Ulinyanyua kichwa, nilikuona. Kwa jicho lako tupu uliona kitu?"

"Niliona."

"Nini?"

"Kama uzi. Mahali palepale."

"Pembe?"

"Juu." Akakuna shingo. "Nikarudi bombani, nikaona chini. Nikasema nimekosea mimi."

"Kwa nini usiniambie ya jicho lako?"

"Ah, Sheikh!" Mbwana alininyooshea mkono kama anayeshitaki. "Huyu ana digrii mbili. Bomba latoka chuo kikuu. Macho yangu mimi ni ya leseni ya udereva tu. Niyaamini yapi?"

Hapo hata Sheikh alicheka, akajizuia. Akawageukia watu: mnamjua huyu, ni mwadilifu? Mtu mmoja akasema anaendesha gari kwa fujo lakini uongo hasemi. Mwingine akasema aliwahi kumrudishia simu aliyoisahau kiti cha nyuma. Sheikh akafumba macho kidogo, akayafumbua. Kwa kuanza mfungo, alisema, shahidi mmoja mwadilifu wa jicho anatosha. Kesho tunafunga.

Paa lote likalipuka kwa simu. Nilimsikia Bi Saumu kutoka kwenye simu ya mumewe, bila spika, akiuliza sasa ni pilau au uji, mwanamume wewe sema neno moja. Na hapo jambo la ajabu likatokea, ambalo wakati ule sikulipa uzito. Watu walianza kukumbuka. Mmoja akasema, kusema kweli hata yeye aliona mng'ao. Wa pili akasema aliuona ila aliogopa kusema. Walipofika kwenye ngazi nusu yao walikuwa mashahidi. Yule mama wa visheti alimshika Profesa mkono, amejaa furaha, akamuuliza kwa Kiingereza: nawe pia uliuona, sivyo, mama? Ingekuwa adabu tu kuitikia kwa kichwa. Alikuwa mgeni, alikuwa amelishwa, kila mtu alikuwa anafurahi.

"Hapana," Profesa alisema. "Mimi sikuona."

Nilimrudisha Pearland, bomba limetoka dirishani kama mkuki. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa hukumu: kwamba nilichelewa kusema, kwamba sauti yangu ilikuwa nyembamba. Karibu na kwake akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Yule dereva alikuwa amelewa?"

"Mbwana? Hapana, Profesa! Hajawahi kuonja..."

Nikaipita njia yetu ya kutoka barabara kuu, nikalazimika kwenda mbele na kugeuza gari chini ya daraja, yeye akitazama dirishani kana kwamba hakuna kilichotokea. Baharia wangu. Baharia aliyeapa mbele ya karani kwamba kanisa alilionea upande usio wake, na ncha ya mnara wake imeingia majini, na waliokuwepo wakaangua kicheko. Nilikuwa nimecheka nao, miaka zaidi ya mia tatu baadaye, jikoni Sharpstown, nikiwa na chombo kilekile mezani. Wale mashahidi wengine, kwaya yangu, waliapa kwamba mnara umesimama wima. Waliujua mnara ule tangu utotoni, hawakuhitaji kutazama. Mlevi wangu peke yake ndiye aliyekuwa ameweka jicho kwenye kioo na kusema kilichokuwamo.

Nyumbani Nestor alikuwa anakula mayai yake kwa amani. "Sasa Dokta, nyinyi sikukuu yenu bado haina kalenda?"

"Kesho tunafunga."

"Umeuona huo mwezi?"

"Hapana," nilisema. "Sikuona." Na nikashangaa kwamba sikujisikia vibaya.

Sura ya nne niliiandika Ramadhani ile yote, tumbo tupu, baharia akiwa katikati na kwaya imemzunguka. Wasiwasi haukunitoka, niliupeleka Pearland pamoja na karatasi, Juni ilipokuwa inakwisha, nikakaa nikimtazama akisoma mpaka mwisho na kalamu yake ya kijani ikishuka mara chache kuliko kawaida. Alipomaliza alitia sahihi. Hakunisifu. Aliniuliza Mbwana hajambo, kisha akafungua kopo la biskuti, nikachukua moja, nikangoja ule mlio. Kopo lilibaki wazi. Tulikaa hivyo, tukizungumza juu ya safari yake, na mimi kwa woga sikuthubutu kugusa ya pili.

Jana nilimpigia Mbwana, bado yuko Houston, bado anaendesha. Nikamwambia Profesa amefariki.

"Nani? Yule bibi wa kwenye paa? Yule aliyesema hakuona?"

"Huyohuyo."

Nikasikia taa ya kukata kona ikitiktika garini mwake. "Mimi watu wote wale walinipongeza," alisema. "Wakawa wote wameona. Yeye peke yake alinitazama usoni akasema hakuona. Wajua, bwana, ndiye niliyemwamini. Wataka kusema nini huko kwenye kumbukumbu?"

"Sijui. Wenzangu wana makubwa ya kusema."

"Sema uliloliona."

Leo ni Jumamosi. Wamesema, mmoja baada ya mwingine, na wamesema vizuri, wote wamekubaliana. Zamu yangu ilipofika ndege ilikuwa inapita, nikangoja imalize. Kisha nikasema kwamba nilimwona jioni moja juu ya paa la maegesho, amezungukwa na watu waliokuwa wanafurahi kwamba wameuona mwezi, wamemlisha, wanampenda, wanamwomba neno moja tu. Akawaambia hakuona. Sura zao kwenye kioo cha kompyuta ziliendelea kunitazama, zikingoja sehemu iliyobaki. Nikazima kipaza sauti.